Zuko alipewa baba mkubwa, Azula akapewa mnyororo: adui wa tamthilia husamehewa kwa kigezo gani?

ShangaziWaRimoti

Habari zenu wadau. Uzi huu ni mrefu na unatoboa siri za mwisho. Kama hujamaliza Avatar: The Last Airbender, Breaking Bad, Dexter, Daredevil au Luke Cage, pita kimya kimya, tusije kulaumiana.

Nimekaa wiki mbili na binti wa kaka yangu, ana miaka 10. Tumetazama Avatar yote pamoja, yeye mara ya kwanza, mimi nimeshapoteza hesabu. Tukafika mwisho, pale Azula, binti wa mtawala wa Taifa la Moto na mdogo wa Zuko, amefungwa mnyororo kwenye wavu wa chuma juu ya mtaro. Analia, anajipindapinda, moto wa bluu unamtoka mdomoni bila mpango kama mtu anayetapika. Zuko na Katara, msichana wa upande wa mashujaa, wamesimama wanamtazama. Mtoto akanyamaza. Nikadhani ameridhika kwamba mbaya kashindwa, kumbe anapiga hesabu zake. Akaniuliza: "Shangazi, kwani Azula hana baba mkubwa?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakatika. Kwenye lugha ya katuni yenyewe Iroh, mzee aliyemlea Zuko, anaitwa kwa neno moja, "uncle", ambalo ndani yake wamo mjomba, baba mdogo na mume wa shangazi, wote kwa mkupuo. Kiswahili hakikupi mwanya huo. Iroh ni kaka mkubwa wa Ozai, baba wa Zuko na Azula, basi ni baba mkubwa, na baba mkubwa ni baba. Hawezi kuwa baba wa mtoto mmoja akamruka mwingine aliyetoka tumbo lilelile.

Sasa angalieni. Zuko alifika kisiwa cha Kyoshi na askari wake, kijiji kikawaka moto. Alimkodi muuaji amfuate Aang, shujaa wa hadithi. Alimsaliti Iroh mwenyewe kule mji wa Ba Sing Se, mzee akaishia gerezani. Siku aliyorudi kuomba radhi alipiga magoti hemani akilia, hata maneno hayajamwisha mzee akamvuta akamkumbatia. Mimi pale hulia kila mara, sikatai. Lakini Azula, mwenye miaka 14, mdogo wa Zuko kwa miaka miwili, Iroh alishamkatia hukumu zamani: huyo ana wazimu, inabidi aangushwe. Ilisemwa kama mzaha na wote tulicheka.

Sisemi Azula ni malaika. Ndiye aliyempiga Aang radi ya mgongoni, ndiye aliyempa baba yake wazo la kuichoma nchi ya watu ibaki majivu. Lakini wote wawili wamelelewa na baba mmoja, yule aliyemuunguza mwanawe uso. Mmoja aliharibika kwa kuchukiwa, mwingine kwa kupendwa vibaya. Kwa nini wa kwanza anaitwa majeruhi na wa pili kichaa?

Swali la mtoto likanifukuza usingizi, nikaanza kufukua nilizotazama zamani. Chukueni mbili zilizotoka nyumba moja, Netflix, mwaka mmoja baada ya mwingine.

Daredevil, 2015. Adui ni Wilson Fisk, mzungu, jitu la upara linalokata kichwa cha mtu kwa mlango wa gari. Sehemu ya 8 tunarudishwa utotoni kwake. Baba anampiga mama kwa mkanda, mtoto kakalishwa aangalie ukuta, mwisho anashika nyundo. Ukitoka hapo unamwona Fisk mtu mzima anafunga vifungo vya mikono ya shati, vifungo vya marehemu baba yake, unasema maskini wee. Na Fisk huyo bado yupo. Kapita Hawkeye 2021, kapita Echo 2024, na kwenye Daredevil: Born Again ya 2025 ni meya wa New York.

Luke Cage, 2016. Adui ni Cornell Stokes, wanamwita Cottonmouth, mtu mweusi, ameigizwa na Mahershala Ali kwa ufundi wa kutisha. Sehemu ya 7 naye anarudishwa utotoni. Kijana wa kinanda, vidole vina kipaji, anataka muziki, na Mama Mabel aliyemlea anamlazimisha kumpiga risasi Pete, mtu pekee nyumbani mle aliyekuwa anamtia moyo. Ndiyo kwanza roho yako inaanza kulainika, na kabla sehemu hiyohiyo haijaisha binamu yake Mariah anamsukuma dirishani, anashuka chini, anammalizia kwa stendi ya maikrofoni.

Yaani utoto wa Fisk ulikuwa dhamana, ukamtoa. Utoto wa Cottonmouth ulikuwa wasifu wa marehemu.

Nauliza basi: adui akiwa mwanamke, au akiwa si mzungu, huruma yake inacheleweshwa? Au natafuta chawa kwenye upara wa Fisk? Leteni mifano, hata ya kunipinga. Naomba kuwasilisha.

KakaMbishi

Shangazi, shikamoo. Umeandika vizuri ila umepepeta, ukabakiza punje unazozitaka.

Sheria ni ileile tangu enzi za mikanda: stelingi hafi, adui lazima afe. Rangi haiingii hapo. Joffrey wa Game of Thrones mzungu, kafa mezani siku ya harusi yake. Ramsay wa humohumo mzungu, kaliwa na mbwa wake mwenyewe. Walter White wa Breaking Bad, mwalimu aliyegeuka mpika dawa za kulevya, mzungu, kafa. Na Gus Fring, bosi wa dawa humohumo, mweusi, nani kamnyima historia? Msimu wa 4 tumeonyeshwa lile bwawa la kuogelea, mwenzake Max kapigwa risasi ya kichwa, Gus kakandamizwa chini anatazama damu inavyoshuka majini. Na baada ya historia hiyo hakufa hapohapo. Aliishi, akarudi kwenye bwawa lilelile, akawamaliza kwa sumu kina Don Eladio, wakubwa wa genge waliomuua Max. Huo nao ni wasifu wa marehemu?

Fisk anarudi kwa sababu ni adui wa vitabuni tangu 1967. Cottonmouth si saizi yake. Mengine ni kuitafutia televisheni ugomvi.

Mama_wa_Vipindi

Mimi nachangia kwa kuungama. Nilimchukia Skyler White, mke wa Walter. Nilimchukia kiasi kwamba akitokea tu naenda kunywa maji, nikirudi nauliza, "Kamaliza?"

Hebu tukae na hilo kidogo. Mume wake kasimama kando ya kitanda anamwangalia Jane, mpenzi wa Jesse mshirika wake, akipaliwa na matapishi mpaka anakufa, mkono unataka kumgeuza, haumgeuzi. Mtoto mdogo Brock kalishwa mmea wenye sumu kwa mpango wa mtu huyohuyo. Na mimi, mama wa watoto, nilikuwa naomba asikamatwe! Skyler kosa lake la kwanza lilikuwa kuuliza ulikuwa wapi. Baadaye alikosea kweli, alitembea na bosi wake, alisaidia kufua pesa. Lakini chuki yangu ilianza kabla ya hayo. Ilianza kwenye swali.

Anna Gunn, aliyemwigiza, aliandika makala kwenye gazeti la New York Times mwaka 2013. Anasimulia kwamba alikuta mtandaoni mtu anauliza atampata wapi amuue. Yeye Anna, mtu wa nyama na damu, wala si Skyler. Mwaka huohuo akabeba Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, kwa kazi ileile. Sijui tuzo unaiweka wapi ndani ya nyumba ambayo umeanza kuogopa kufungua mlango wake.

Kinachoniuma ni kwamba nimeolewa. Nimewahi kukaa sebuleni saa nane za usiku na simu isiyopokelewa, nasikiliza kila gari linalopita. Mtu wa kwanza kuwa upande wa Skyler nilipaswa kuwa mimi. Kamera ilikaa begani kwa Walter, nami nikapanda hapohapo begani kama mtoto anayebebwa.

ShangaziWaRimoti

Mama_wa_Vipindi, "chuki yangu ilianza kwenye swali" nimeinakili pembeni.

KakaMbishi, marahaba. Kwa Gus umenibana, na jana usiku nimekaa naye kwa ajili yako. Nikaanza na ile sehemu ya kwanza ya msimu wa 4. Anaingia maabara. Hasemi. Anavua koti, analitundika. Anavua tai. Anavaa lile vazi la kazi la rangi ya chungwa, anavuta zipu, anachukua kisu cha kukatia maboksi, anamkata mtu wake mwenyewe, Victor, koo mbele ya Walter na Jesse. Kisha anarudi kunawa, anajifuta vidole kimoja kimoja, anavaa nguo zake moja moja kwa mpangilio kama alivyozivua. Maneno yake yote ni kuwaambia warudi kazini.

Halafu nikaenda Better Call Saul, tamthilia dada ya Breaking Bad, msimu wa mwisho, 2022. Gus yuko peke yake kaunta ya baa ya mvinyo. Mhudumu anayeitwa David anamsimulia habari za safari na chupa, na kwa mara ya kwanza katika tamthilia mbili Gus anatabasamu kwa macho, si kwa meno. Unaona kabisa anampenda yule mtu. David anakwenda nyuma kuleta chupa maalumu. Kamera inabaki na Gus, uso unafunga taratibu kama duka. Anaacha hela, anaondoka.

Hiyo ni kazi ya kiwango cha juu, Giancarlo Esposito hana mfano. Lakini umeona alichopewa? Kapewa kujizuia. Na Walter je? Dakika za kwanza kabisa za tamthilia tunamkuta jangwani na chupi. Analia, anaanguka, anagombana na nzi sehemu nzima, anacheka kama mwehu chini ya sakafu ya nyumba yake. Tunamjua jasho lake. Adui mweusi akiruhusiwa kuwa mkubwa lazima awe amenyooka kama shati la pasi. Stringer Bell, bosi wa dawa kwenye The Wire, ni hivyohivyo: suti, miwani, darasa la uchumi jioni, na akishakufa polisi wanaingia kwake wanakuta kitabu cha Adam Smith kwenye rafu, mpelelezi McNulty anabaki anashangaa alikuwa anamfukuza nani. Ubinadamu wake umegunduliwa na polisi, mwenyewe akiwa mochwari. Ndiyo wasifu wa marehemu ninaousema.

Na kwa kuwa tumeanza, Dexter, muuaji anayefanya kazi ofisi ya polisi. Sajenti Doakes, mweusi, peke yake ofisi nzima alinusa kwamba Dexter si mtu wa kawaida. Malipo ya pua yake: alifungiwa kizimbani ndani ya kibanda porini, Lila, mpenzi wa zamani wa Dexter, akakilipua, na jina la Mchinjaji wa Bay Harbor, yaani la Dexter mwenyewe, akazikwa nalo yeye. Hiyo ni 2007. Dexter, mchinjaji mwenyewe, karudishiwa tamthilia 2021 na nyingine tena 2025. LaGuerta, bosi wa polisi, Mlatino, ndiye aliyeng'ang'ania kumsafisha Doakes jina. Naye mwishoni mwa msimu wa 7 akapigwa risasi, na dada yake Dexter ndiye aliyefyatua, huku sisi tukihema kwa ahueni kwamba Dexter kapona. Doakes hakuwa hata adui jamani. Alikuwa polisi mwenye hasira aliyesema kweli.

AbuSalim

Nyie mnagombania nani kapewa utoto. Sisi tulikuwa tunaomba tupewe jina.

Nimekua na tamthilia ya 24, ya kuwasaka magaidi. Mtu mwenye ndevu anatokea, anasema maneno mawili kwa lugha isiyoandikiwa tafsiri, anakufa. Mwaka 2005, msimu wa nne, ilipokuja ile familia ya kina Araz inayoonekana majirani wazuri kumbe ni magaidi, malalamiko ya Waislamu wa Marekani yalikuwa makubwa mpaka stelingi wake, Kiefer Sutherland, akawekwa mbele ya kamera kuwaambia watazamaji kwamba Waislamu wa Marekani si magaidi. Fikiria tamthilia inayohitaji tangazo la namna hiyo. Lile tangazo ndilo lilikuwa baba mkubwa wetu, dada, sekunde chache, kisha mchezo ukaendelea.

Ila ngoja niwachekeshe. Homeland, tamthilia ya majasusi wa Marekani, 2015. Walikuwa wanapiga picha Berlin, wanataka ukuta wa kambi ya wakimbizi uonekane wa kweli, wakaajiri wasanii waandike maandishi ya Kiarabu. Wasanii wakaandika kwamba Homeland ni ya kibaguzi, na kwamba Homeland ni utani. Hakuna mtu wa uzalishaji aliyejua kusoma. Kikarushwa hewani hivyohivyo. Mimi nilisoma Kiarabu tangu utotoni. Nilisimamisha picha nikasogea hadi pua iguse kioo. Carrie, jasusi wao mkuu, anapita zake, ukuta nyuma yake unamtukana. Tamthilia miaka yote ile ya kuwachambua watu, na haikuwa na hata mmoja kati yao mezani wa kusema hapa pameandikwa nini.

FundiNywele

Siti ya mbele kabisa. AbuSalim, nimecheka hadi mteja kaniuliza kuna nini.

Shangazi, umesema adui mweusi lazima awe amenyooka. Kubali na hii ya kukupinga: Annalise Keating, mwanasheria mweusi wa How to Get Away with Murder, 2014, sehemu ya 4. Nafanya kazi ya nywele mwaka wa 17 sasa, nikuambie nilichoona mimi. Anakaa mbele ya kioo. Anatoa vito. Anaingiza vidole chini ya ukingo wa wigi, anaivua, na chini yake kuna nywele zake zimebanwa chini kabisa, hazina mapambo wala mwanga wa kupendeza. Anabandua kope. Anafuta uso, na kitambaa kinatoka na ngozi ya runinga yote. Wateja wangu tu hunifungia mlango wakati wa hatua hiyo, na mimi ndiye niliyewashonea! Kisha, uso ukiwa mtupu hivyo, anamuuliza mumewe kwa nini picha ya uchi wake imo kwenye simu ya binti aliyeuawa.

Viola Davis, aliyemwigiza, amesema hadharani kwamba kuvua wigi lilikuwa sharti lake. Maana yake kipande hicho kisingekuwepo kama asingekidai. Mwaka uliofuata, 2015, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike wa tamthilia. Wa kwanza, 2015, na tuzo zenyewe zilianza 1949.

Na kabla haijaanza kurushwa, mchambuzi mmoja wa gazeti kubwa alishamwandika Shonda Rhimes, mtayarishaji mweusi wa tamthilia hiyo, kwa kigezo cha "mwanamke mweusi mwenye hasira", akamhesabia na Annalise kama kivuli chake. Kumbe aliyeiunda ile tamthilia ni Peter Nowalk, mwanamume mzungu. Hasira ya mzungu ikavishwa wigi la Shonda.

Kwa hiyo kioo kipo, shangazi. Ila mwigizaji alikuja nacho kutoka kwake.

MamaTelenovela

Wanangu, mmesahau wakubwa zenu. Vale Tudo ya Brazili, 1988 hadi 1989. Odete Roitman, mama tajiri, mdomo wa sumu, na mpenzi kijana. Kapigwa risasi, na Leila aliyempiga alidhani anampiga Maria de Fátima. Marco Aurélio, mwizi wa kampuni, anapanda ndege yake na huyo Leila, anaiangalia nchi kwa chini, anaikunjia mkono ile ishara ya tusi, anakwenda zake. Nchi nzima ilikuwa inauliza nani kamuua Odete. Sikumbuki nani aliyekuwa anauliza nani atamkamata Marco Aurélio.

Na weusi kwenye tamthilia za miaka ile hawakuwa hata maadui. Walifungua mlango, wakaleta kahawa, wakatoka. Kunyimwa ubaya nako ni kunyimwa, maana mbaya ndiye anayesemeshwa.

KakaMbishi

Kwa Doakes nainua mikono. Nilitazama Dexter yote, na siku kibanda kinalipuka nilishangilia. Nimekaa na hilo tangu asubuhi.

Ila bado nabisha, safari hii kwa hoja nyingine. Mnawabebesha waandishi mzigo wote. Reva kwenye Obi-Wan Kenobi, tamthilia ya Star Wars, 2022. Mwanamke, mweusi, adui. Waandishi hawakumnyima kitu! Sehemu ya 5 kati ya 6 tunajua alikuwa mtoto aliyelala kati ya maiti za watoto wenzake, kajifanya kafa. Akachomwa upanga na Vader, adui mkuu, akapona. Akafika hadi kwa Luke mdogo, akashindwa kumuua, akamrudisha mikononi mwa wanaompenda. Obi-Wan akamwambia yuko huru. Huyo ni Zuko kabisa, kapewa kila kitu.

Na watazamaji wakafanyaje? Moses Ingram, aliyemwigiza, alikuwa anapokea matusi ya rangi yake tangu tamthilia haijafika hata katikati, akayaonyesha mtandaoni, Ewan McGregor, Obi-Wan mwenyewe, ikabidi arekodi video ya kumtetea. Akaunti rasmi ya Star Wars ikawakumbusha mashabiki kwamba ndani ya dunia yao kuna aina zaidi ya milioni 20 za viumbe wenye akili, wasichague kuwa wabaguzi. Yaani kiumbe wa kijani mwenye masikio marefu tunampenda toka enzi za wazee wetu, dada mweusi mwenye upanga mwekundu hatumtaki. Sasa hapo mwandishi kakosa nini?

Mama_wa_Vipindi

Hajakosa. Tumekosa sisi. Lakini KakaMbishi, sisi tulifundwa na nani kupanda begani kwa nani?

ShangaziWaRimoti

Nimesoma yote, nashukuru. KakaMbishi, umenigeuza robo tatu. Nilikuja na kesi moja dhidi ya waandishi, naondoka na kesi mbili ambazo hazifanani. Reva alisamehewa na hadithi, akahukumiwa na watu. Cottonmouth watu walimpenda, nakumbuka tulivyolalamika wote alipouawa katikati ya msimu, hadithi ndiyo iliyomhukumu. Nilikuwa nazichanganya chungu kimoja.

Kuna sehemu nyingine zote mbili zinakutana, na sitaichambua sana maana macho yananiuma: The Falcon and the Winter Soldier, 2021. John Walker, mzungu, Kapteni Amerika mpya, anamponda mtu aliyelala chini kwa ngao mbele ya umati wenye simu, damu inashuka kwenye nyota. Sehemu mbili mbele yuko na mashujaa anasaidia, mwisho anakabidhiwa suti mpya. Karli, msichana aliyekuwa anapigania watu waliofukuzwa makazi, naye kaua, kalipua jengo na watu ndani, sikatai. Alipigwa risasi, akafa akiomba radhi. Sam, shujaa mwenyewe, akambeba kama malaika aliyebeba mtoto, akashuka naye kwenye mwanga mzuri kabisa. Kubebwa vizuri tunakojua kote huko, sharti ufe kwanza.

FundiNywele, vioo vyako vimenirudisha kwa Azula. Sikuwa nimeviweka pamoja. Azula naye ana kioo: siku ya kutawazwa, kawafukuza watumishi wote, mmoja kwa ajili ya kokwa ya tunda tu, anajikata nywele mwenyewe kwa mkasi, upande mmoja. Anamwona mama yake ndani ya kioo. Mama anamwambia nakupenda. Anarusha brashi, kioo kinapasuka. Annalise alipewa dakika za kujifuta uso hadi mwisho. Azula kioo chake kilidumu sentensi chache, na mtu wa kumwambia anampenda hakuwepo pale, alikuwa anamwona yeye tu.

Jana nilirudi nyuma na binti wa kaka yangu kutafuta kama kweli baba mkubwa hakuwahi kujaribu. Tukaikuta, msimu wa 2, Zuko akikumbuka utoto. Iroh yuko vitani Ba Sing Se, katuma barua nyumbani na zawadi. Zuko kapelekewa kisu chenye maneno yaliyochongwa kwamba usikate tamaa bila kupigana. Azula kapelekewa mwanasesere aliyevaa mitindo ya mabinti wa Ufalme wa Dunia. Mtoto aliyekuwa anawapita wote kwa moto, hata kaka yake. Anamgeuza mkononi, uso umekunjamana, kisha anamwasha.

Nilikuwa nimeshawahi kuitazama mara zote zile kama ushahidi kwamba ni mbaya tangu utotoni. Nikamgeukia mtoto nione anasemaje. Alikuwa anamtazama yule mwanasesere anavyoungua.

"Hata mimi ningemchoma," akasema. "Mimi pia nilitaka kisu."